Lalamiko Dhidi ya Swali "Nini Kimebadilika?"

Mtaa wa Juu,
Kara-Bulun.
Jumatano.

Kwa Mkuu wa Kitivo cha Kompyuta,
Chuo Kikuu cha Kara-Bulun.

Ndugu Mkuu wa Kitivo,

Natumaini wewe na watu wa nyumbani kwako mmeivuka salama baridi ya mwezi huu, na kwamba kondoo wako hawajapungua mafuta mkiani. Sisi hatujambo. Ng'ombe wetu pia hajambo, na huko mbele nitamtaja kwa kirefu, maana anahusika.

Barua yako tuliipokea. Umeandika kwa adabu kwamba Mwalimu Kenjebek anamtaka Aizirek, mke wa mwanetu, awe msaidizi wake katika darasa la jioni la kutafuta hitilafu za mtandao wa kompyuta. Kwamba miongoni mwa wanafunzi wake hajapata mwenye mkono mtulivu kama wake. Na kwamba, kwa kuwa ni mkazamwana wa watu na kazi yenyewe ni ya jioni za baridi, mngependa kusikia neno la nyumba kabla ya kikao cha Ijumaa, la sivyo nafasi itakwenda kwa mwingine. Nimelitafakari jambo hili. Jibu la nyumba hii ni hapana. Sababu zetu ndizo hizi zifuatazo.

Nimeandikia gazeti la wilaya muda wa kutosha kuripoti mafuriko, wizi wa farasi, na wakuu wa wilaya wawili walioangushwa na farasi yule yule. Sikuwahi kupandisha sauti kwenye karatasi na sitaanza leo. Nitaeleza yaliyotokea, na maneno ya watu nitayaweka kama yalivyosemwa.

1. Somo lenu linafundisha maswali yasiyomlaumu mtu.

Mpaka likizo ya mwaka mpya nyumba hii ilikuwa na njia yake ya kutengeneza intaneti. Ikikatika, mke wangu Zuurakan alichoma majani makavu ya archa, mti wa mlimani wenye harufu kali, kwenye kikaango, akaizungushia ruta moshi huku akilifukuza jicho baya la majirani, kisha tukanywa chai. Tulipomaliza chai, intaneti ilikuwa imerudi. Sikuona haja ya chuo kikuu.

Aizirek alipokuwa nyumbani kwa likizo, intaneti ikakatika, naye akaketi mbele ya ruta bila kuigusa. Akauliza, "Mama, mara ya mwisho ilifanya kazi vizuri lini?"

"Kabla Sapargül hajaja kuikodolea macho," akajibu Zuurakan. Sapargül ni jirani yetu. "Alikaa hapo ulipokaa wewe, akasema, 'Jamani, vitaa vyake vinavyopendeza!' Tangu siku hiyo imekuwa mgonjwa."

"Alipoondoka, nini kilibadilika?"

"Hakuna. Niliifunika tu."

Kitambaa chenyewe ni mahameli nyekundu iliyotariziwa pembe za kondoo dume, kazi ya mikono ya Zuurakan tangu alipokuwa bibi harusi. Katika nyumba yetu kila kitu chenye thamani kimefunikwa: televisheni, cherehani, samovari ya kuchemshia chai, na mimi mwenyewe nikilala baada ya chakula cha mchana. Kufunika ni heshima, na pia ni kinga.

Hapa ndipo malalamiko yangu yanapoanzia. Kama Aizirek angesema, "Mama, kosa ni kitambaa chako," tungepata ugomvi halali, na tungeushinda. Hakusema hivyo. Alimwomba tu Zuurakan aweke kiganja juu ya ruta.

"Ina homa," akasema Zuurakan.

"Sasa mwenye homa, Mama, tunamfanyaje?"

"Tunamwongezea mablanketi mawili mpaka atoke jasho."

Nilifurahi sana kwa jibu hilo. Nilidhani limekwisha. Lakini mtoto huyu alicheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Basi hebu tubadilishe kitu kimoja tu, vingine vyote vibaki vilivyo. Ndivyo Mwalimu anavyotufundisha: ukibadilisha viwili kwa pamoja, hutajua kipi kilichoponya." Akakiondoa kitambaa. Intaneti ikarudi. Akakirudisha. Tukangoja, intaneti ikafa. Akakiondoa tena.

Kisha akasema neno ambalo naliona la hatari kuliko yote. "Dawa ya Mama ilikuwa inafanya kazi kweli. Ili uizungushie moshi lazima kwanza ukiondoe kitambaa, na wakati tunakunywa chai ruta inapoa. Tatizo ni kwamba tukishashiba tunaifunika tena."

Ndugu Mkuu, Zuurakan alikunywa mabakuli mawili mazima ya chai. Alitafuta mahali pa kukasirikia asipaone. Nauliza: chuo kikuu kina haki gani ya kuwafundisha vijana namna ya kumwonyesha mzee kosa lake huku mzee mwenyewe akitoka na sifa?

2. Jina langu limefutwa wilayani.

Unajua, maana nawe una mkazamwana, kwamba kwetu mke wa mtoto hatamki majina ya wakubwa wa mumewe. Mimi, mafundi walipokuja kufunga intaneti, niliupa mtandao jina langu, Temirkul, ili wageni wajue wako kwa nani. Nywila nikaweka jina la marehemu baba yangu, ili akumbukwe. Ilikuwa nywila salama kuliko zote mkoani, kwa sababu aliyeitumia zaidi hakuweza kuitamka hata kwa kuteswa.

Mwalimu Kenjebek akatoa zoezi: kila mwanafunzi asimame aeleze mtandao wa nyumbani kwake, unaitwaje na umeunganishwa vipi. Aizirek akasimama. Jina hakuweza kulitaja. Akasema, "Mtandao wa Aketiye Mbali na Mlango," maana mimi ndiye mkubwa na mahali pangu ni kule ndani, mbali na mlango.

Darasa likaangua kicheko. Kijana mmoja wa mjini akapaza sauti, "Na nywila je? 'Aliyelala Kilimani'?"

Aizirek akamjibu, "Kaa kimya, umekaribia."

Nilitegemea mwalimu ampe sifuri na kumrudisha nyumbani akiwa na heshima yake. Badala yake alipiga meza kwa furaha. Alisema kwamba watu watakaowapigia simu wanafunzi hawa maisha yao yote hawajui jina la kitu chochote. Watasema "kile kidude chenye jicho jekundu" na "ule uzi uliojificha nyuma ya kabati". Kwa hiyo fundi asiyeweza kuelewana na mtu bila majina si fundi. Tangu siku hiyo, katika maabara yake, ni marufuku kutaja jina la kifaa. Mwanafunzi mmoja anakaa nyuma ya pazia na kueleza hitilafu kama bibi kizee, mwenzake anamwuliza maswali mpaka aione. Mchezo huo wanauita "Mkazamwana".

Matokeo yake ni haya. Jumamosi nilikwenda sokoni kununua betri za redio. Muuzaji, kijana ambaye hana undugu nami hata wa mbuzi, aliinama akasema, "Karibu, Aketiye Mbali na Mlango." Nimejenga jina langu kwa miaka mingi, kwa makala zenye sahihi yangu. Sasa mji mzima unalikwepa kwa heshima.

3. Mnawafundisha kuharibu.

Nilipata kusikia, nikathibitisha kwa mashahidi wawili, kwamba Mwalimu Kenjebek huwatoa wanafunzi nje wakanywe chai, kisha yeye mwenyewe, mtu mzima anayelipwa mshahara, huingia maabara na kuharibu mtandao kwa makusudi. Hulegeza waya, huzipa kompyuta mbili anwani moja kama mapacha waliovaa kofia moja, kisha huwaita ndani na kukunja mikono. Wanafunzi huanza chini kabisa, kwenye waya, wakapanda. Kompyuta moja wanaifanya ibishe hodi kwa mwenzake; ikijibiwa wanasogea mbele, isipojibiwa wanajua kosa liko nyuma yao.

Hilo lingekuwa shauri lenu. Lakini kazi ya nyumbani ilisema mtu wa familia aharibu mtandao kwa siri, mwanafunzi autengeneze. Aizirek akamwomba Zuurakan.

Sijui kama mmewahi kufikiria mnachokifungulia mlango. Mke wangu ametumia maisha yake yote kuunganisha vitu: nyuzi, unga, koo za watu. Hakuna aliyewahi kumwomba avunje. Siku ya kwanza alichomoa waya kidogo tu, ukabaki tunduni ukionekana mzima. Aizirek aliupata. Siku ya pili alibadilisha nafasi za nyaya mbili zinazofanana. Siku ya tatu alikata kipande cha kadibodi chembamba kama ukucha, akakisukuma ndani ya tundu la waya, akaketi kufuma soksi kwa uso wa mtakatifu.

"Mama, umefanya nini safari hii?" Aizirek akapaza sauti.

"Mimi? Mtu mzima kama mimi? Anza na waya, mwanangu. Usiruke hatua."

Tangu hapo hajasimama. Nilikuta samovari haina bomba lake. Nilikuta saa ya ukutani imegeuzwa uso. Wiki iliyopita kiatu changu kimoja kilitoweka wakati nje theluji imefika magotini, nami nikauliza kama mtu yeyote mwenye akili angeuliza: "Nani amechukua kiatu changu?"

"Swali bovu, mzee," akasema Zuurakan. "Ukiuliza nani, utapata ugomvi. Uliza mara ya mwisho ulikiona wapi."

Kiatu kilikuwa chini ya mahameli nyekundu. Kimefunikwa vizuri.

4. Hitilafu sasa zinafuatiliwa mpaka mwisho.

Mtaa wetu wa Juu ulikuwa ukipoteza intaneti kila jioni. Sababu ilijulikana. Wengine walisema kampuni inawapelekea matajiri wa Mtaa wa Chini. Mimi niliuliza ofisi ya wilaya, nikaambiwa ni upepo wa mlimani, nikauandika upepo huo gazetini katika ukurasa wa pili. Watu waliridhika. Upepo hauombi radhi wala haudai fidia.

Aizirek na wenzake wanne wakaomba ruhusa wafuate waya, nguzo kwa nguzo. Kwanza alipita nyumba kwa nyumba akiuliza inakatika lini.

"Jioni," watu wakasema.

"Jioni ya wakati gani?"

"Jioni tu. Wakati wa kukamua."

Jibu hilo alipewa langoni kwa jirani, nami nilisikia nikiwa uani kwetu. Nilimwona akiangalia chini. Alikuja uani, na mimi nilikuwa nimesimama pale na ndoo, na ng'ombe wetu, Kashka, amefungwa kwenye nguzo kama kawaida yake kila jioni. Usawa wa shingo yake kuna kisanduku ambamo nyaya za mtaa mzima zinaungana. Kashka ana upele shingoni na ile pembe ya kisanduku inamfaa kujikunia.

Mtoto huyu angeweza kusema. Wenzake wanne walikuwa nyuma yake, na Sapargül alikuwa akichungulia juu ya ukuta. Alisema tu, "Baba, naomba unishikie Kashka kidogo, hapo mbali na nguzo."

Nikamshika. Nilisimama nimeikamata kamba, baridi inanikata masikio. Baada ya muda nikasikia nyumba ya kwanza ikipiga kelele, "Imerudi!" Kisha ya pili. Kisha mtaa wote. Hakuna aliyeniambia lolote. Niliachwa nimeshika kamba mpaka nikaelewa mwenyewe.

Toleo lililofuata la gazeti lilibeba masahihisho kwamba upepo ulioripotiwa una miguu minne na unatoa maziwa. Niliyaandika mimi, kwa sababu hakuna mwingine wa kuyaandika. Wanafunzi walikipandisha kile kisanduku juu zaidi. Kashka wakamtengenezea mti wake wa kujikunia, na wakati wa kuondoka walimuaga yeye kabla yangu.

5. Mmetuondolea amani.

Hili ndilo zito, na ndilo linalogusa nafasi mnayotaka kumpa.

Mwanetu Azat anafanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu, upande wa pili wa milima. Hupiga simu ya video kila Jumapili. Kwa miaka yote ya kazi yake, mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka tukafika jambo gumu, na hapo picha ikaganda. "Mtandao! Mtandao!" tukaambiana, tukaagana kwa upendo. Familia yetu haikuwahi kugombana hata mara moja. Mtandao mbovu ulikuwa mzee wa busara kuliko wazee wote niliowahi kuwahoji.

Jumapili iliyopita mtandao ulikuwa safi. Tuliona hata ndevu ambazo hakunyoa. Tukasalimiana, tukaulizana hali ya hewa, tukaulizana ng'ombe, na picha haikuganda. Ikabidi tuendelee. Ndipo Azat akasema jambo alilokuwa amenieleza mimi faragha, nami nikalikubali kwa kichwa: kwamba mwaka huu wa masomo ukiisha, Aizirek aache chuo aende kuishi naye kwenye makazi ya mgodi. Na hiyo kazi ya jioni ikataliwe.

Aizirek alikuwa karibu na mlango, anamimina chai. Hakuinua macho. Lakini bakuli langu alilijaza mpaka ukingoni, na kwetu bakuli la kujaa anapewa mgeni anayetakiwa aondoke. Sijui kama alikusudia.

Zuurakan akasogea mbele ya skrini. "Mwanangu, wakati wa harusi ulisema atamaliza. Nilikusikia kwa masikio yangu. Nini kimebadilika?"

"Hakuna kilichobadilika, Mama. Ni watu tu, wanasema."

"Watu ni waya mrefu, Azat. Usianzie huko mbali, anza na ulio karibu. Mkeo umemuuliza?"

Azat hakujibu. Nilingoja picha igande. Zuurakan akageuka, akaitazama ruta pale ukutani, uchi, haina kitambaa, na taa zake zote zinawaka kijani.

"Mtandao uko sawa," akasema. "Hicho kimya ni chako."

Kijana akakuna ndevu zake. Hatimaye akasema kwa sauti ya chini, "Mwiteni Aizirek. Nataka kuzungumza naye mwenyewe." Tukatoka uani, mimi na mke wangu, tukasimama kwenye theluji pamoja na Kashka. Tangu nianze kazi ya uandishi sikuwahi kutoka mahali penye habari bila kusukumwa. Walichosemezana sijui. Aizirek alipotufungulia mlango macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa anacheka. Alinimiminia chai nusu bakuli, kama anavyomiminiwa mtu anayetakiwa abaki.

Kwa hiyo nikiyakusanya: nyumba imepoteza kitambaa, mji umepoteza jina langu, mke wangu amegeuka mharibifu, gazeti limepoteza upepo, na mwanangu amelazimika kumuuliza mkewe anataka nini. Yote haya yamefanywa na mwanafunzi mmoja, ambaye hata shahada hajapata. Sasa ninyi mnataka kumpa darasa zima. Mkimwachia wanafunzi thelathini, na kila mmoja akarudi kwao na lile swali, ifikapo majira ya kupandisha mifugo malishoni hapatakuwa na nyumba moja wilayani inayoweza kukaa kimya kwa raha.

Naomba basi kitivo kifikirie kuliondoa swali la pili, lile la "Nini kimebadilika?", katika mtaala, au vyeti vyenu viandikwe kwamba mwenye cheti anaruhusiwa kutafuta hitilafu popote isipokuwa ndani ya nyumba ya wakwe. Ikishindikana, sisi wazee tupewe walau somo fupi la namna ya kujibu.

Nimeandika bila hasira na niko tayari kusahihishwa kwa ushahidi. Msalimie Mwalimu Kenjebek, na mwambie chai yake iko hapa siku yoyote atakayokuja bila kugusa kitu. Wasalimie walimu wenzako, mlinzi wa lango mwenye mbwa wa manjano, mkazamwana wako, na wanafunzi wote wasionitaja.

Nabaki, katika usumbufu na heshima,

Temirkul Asanov,
ambaye pia huitwa Aketiye Mbali na Mlango.

Baada ya sahihi: Barua hii nilimpa Zuurakan aisome kabla haijatiwa kwenye bahasha. Aliisoma mpaka mwisho, kisha akaomba kalamu. Anasema kanuni ni kubadilisha kitu kimoja tu, vingine vyote vibaki vilivyo. Kwa hiyo katika aya ya pili utakuta neno "hapana" limekatwa kwa wino wa bluu na juu yake pameandikwa "ndiyo", kwa mwandiko wake. Hakugusa kingine. Aizirek atafika Jumatatu. Jioni nitamngoja langoni na gari, wala nisikaribishwe ndani. Zuurakan atakuja naye na anaomba kiti cha mbele. Kadibodi anazo zake. Baada ya kulibadilisha lile neno alinirudishia karatasi akaniambia nijaribu tena. Nimejaribu kuisoma na "ndiyo" yake, kutoka juu mpaka chini, sababu zote tano. Inafanya kazi.